Matundu ya Garth Pidlubny

Kila Jumamosi ya majira ya baridi, mchezo ukifika dakika ya kumi, Garth Pidlubny alitoka kwenye barafu akichechemea, akaketi kwenye benchi, akainama kwa taabu juu ya tumbo lake na kulegeza kamba za viatu vyake vya kutelezea. Mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Dakika tano baadaye aliurudisha uwanjani, kisigino kikicheza ndani ya kiatu kilicholegea, akaanguka. Hali hiyo ilidumu misimu minne, na sisi wa Nyati wa Dunvale, timu ya hoki ya barafu ya watu wazima waliopaswa kujua kwamba umri umewapita, tulikwisha kuizoea.

Garth alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari yetu kwa miaka ishirini na sita. Mtu wa namna hiyo hawezi kukubali kwamba anaanguka tu. Lazima kuwe na sababu, na sababu lazima iwe na mishale. Alichora mguu wake kwenye ubao mweupe alioutundika gereji, akauzungushia mishale ya nguvu zinazosukuma na zinazovuta, akagundua kwamba mgongo wa mguu wake ulikuwa umeinuka mno, na kamba zilikuwa zinapita palepale penye mshipa na kuukandamiza.

Mkewe, Colleen, aliyekuwa mfamasia wa mji, alikwisha kumwambia jambo hilohilo bila mshale hata mmoja.

"Mguu wako umeumuka kama mkate, baba," alimwambia. "Mpelekee Yvette autazame."

Yvette Desjarlais alikuwa akitengeneza matandiko ya farasi na viatu kwenye kibanda kilicho nyuma ya ghala la nafaka. Hakuna mkono kama wake kutoka kwetu hadi mpaka wa Marekani. Lakini Garth aliona si sawa mtu wa sayansi kupeleka mguu wake kwa fundi wa matandiko. Alijifungia gereji wikiendi mbili, akitazama video za watu wasiojulikana wakitoboa viatu vyao, na Jumamosi ya tatu akaja uwanjani amefanya mambo mawili. La kwanza, kamba yake iliruka tundu la tatu, ikapanda wima pembeni badala ya kukatiza juu ya mshipa ule. La pili, alikuwa ametoboa tundu jipya nyuma ya kifundo, ili kamba ikivutwa irudishe kisigino nyuma na kukikalisha.

Siku hiyo Garth alicheza kipindi kizima bila kuketi. Kipindi cha pili alikuwa amesimama mbele ya goli la wapinzani akiutazama mguu wake kwa mapenzi, na kile kisahani cheusi cha mpira kikatoka kusikojulikana, kikampiga kwenye ugoko, kikaingia golini. Lilikuwa goli lake la kwanza katika miaka sita. Hakuliona mpaka alipokumbatiwa.

Sasa, mtu mwenye akili angesema kisahani kilimpiga. Sisi tulisema ni tundu.

Wendell Thiessen, nahodha wetu, mkulima wa mashamba makubwa na mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio mbali, alisimama katika chumba cha kubadilishia nguo akatangaza kwamba kwa miaka yote hii hatukuwa wachezaji wabovu. Tulikuwa tumefungwa vibaya. Habari hiyo ilitufurahisha kupita kiasi. Wanaume kumi na mmoja tulitazama viatu vyetu kama watu waliogundua kwamba jirani ndiye aliyekuwa akiwaibia. Papo hapo ikaundwa Kamati ya Viatu, Wendell mwenyekiti, mimi katibu, Garth mtaalamu.

Jumapili baada ya kanisa tulipanga foleni gerejini kwa Garth, kila mtu na jozi yake mkononi. Nje ilikuwa digrii thelathini chini ya sifuri, na magari yetu yote yalikuwa yamechomekwa kwenye umeme wa Colleen ili yasigande. Garth alivaa miwani ya plastiki na kushika drili. Naomba nieleweke: hakutudanganya. Alituambia mapema kwamba kipimo kile kilikuwa cha mguu wake yeye. Alinishika mguu, akaona mwembamba na bapa kama kisu cha siagi, akaniambia sihitaji chochote. Nilimjibu kwamba kama kila mtu anatobolewa, na mimi nitobolewe. Hakuna aliyetaka kuwa mtu pekee katika timu mwenye viatu vizima.

Wendell alikuja na viatu vipya ambavyo mkewe alimpa Krismasi, vya lile ganda gumu wanalovaa vijana wa ligi kubwa. Drili ilipoingia, kiatu kilitoa mlio kama barafu ya ziwa inapopasuka baridi ikiisha. Garth akasimama.

"Wendell, umesikia hiyo?"

"Ndivyo kinavyozoea," Wendell alisema. "Endelea, mwalimu."

Jumamosi iliyofuata tulicheza na Stenhaven, mji wa jirani, ambao tunauchukia kwa sababu uko karibu. Uwanja ulijaa. Akina mama jikoni walikuwa wamepika perogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, za kulisha kijiji kizima, na Wendell alikuwa amewaeleza watu wote, kuanzia posta hadi kituo cha mafuta, kwamba waje waone Nyati wapya.

Kamba ya kwanza ilikatika dakika ya nne. Ilikuwa yangu. Sikujali, zikifungwa sana hukatika. Kabla kipindi hakijaisha zilikuwa zimekatika tano. Garth alikuwa ametutobolea matundu makavu, hayana ile pete ndogo ya chuma inayolinda kamba, na ukingo wa tundu ulikuwa unazikeketa kama msumeno kila tulipokunja goti. Kamba za akiba zikaisha. Tukaazima za viatu vyetu vya kawaida, nazo zikaisha. Hatimaye Wendell alikwenda kwenye pikapu yake akarudi na bunda la uzi wa rangi ya chungwa wa kufungia marobota ya majani makavu, na kipindi cha pili Nyati wa Dunvale waliingia uwanjani wamefungwa miguu kama shehena. Mashabiki wa Stenhaven walisimama kwa heshima.

Waliokuwa na miguu myembamba, mimi nikiwa wa kwanza, tulivutwa kisigino mpaka vidole vikakunjamana. Waliokuwa na miguu minene walibanwa palepale ambapo hawajawahi kubanwa. Kilele kilikuwa cha Wendell. Alikuwa anarudi nyuma kulinda goli, akageuka kwa nguvu, na ganda la kiatu chake cha kulia likapasuka kutoka kwenye tundu hadi kwenye unyayo. Mguu ukaenda upande wake na kiatu upande wake. Aliteleza kwa tumbo umbali mrefu, akiwa na kisahani mbele ya kifua, akamsukuma golikipa wetu, na wote watatu wakaingia golini. Refa alitazama pembeni kidogo kabla ya kupuliza filimbi. Tulifungwa kumi na moja kwa mbili.

Katika chumba cha kubadilishia nguo tulianza kwa kulaumu barafu. Tukahamia kwa refa. Halafu mtu mmoja, na naona aibu kusema ni katibu wa kamati, akasema kwamba yeye hakuwahi kuhitaji tundu. Vichwa vyote vikamgeukia Garth.

Wendell alikuwa ameketi, mguu mmoja na soksi, kiatu kilichopasuka kiko mapajani kama paka aliyekufa.

"Tulikuamini, mwalimu," alisema.

Garth hakujitetea. Angeweza kutukumbusha foleni ile gerejini na yale aliyotuambia, lakini alifunga tu begi lake, akatuomba radhi mmoja mmoja kwa jina, akaenda nyumbani. Colleen alituambia baadaye kwamba alifuta ubao, akashusha begi chini kwenye stoo, na siku hiyo hakula.

Viatu vyetu viliishia pale vilipopaswa kuanzia. Wiki ile ile kibanda cha Yvette kilijaa jozi kumi na moja zenye matundu. Alizipanga juu ya meza, akazitazama, akampigia simu Garth aje. Garth alikwenda kama mtu anayeitwa kituoni.

Mimi nilikuwa pale nikisubiri viatu vyangu, kwa hiyo niliyasikia. Yvette alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini, miwani imening'inia kifuani, na hakuinua uso.

"Nani alikufundisha kuweka tundu nyuma ya kifundo?"

"Nilifikiri mwenyewe," Garth alisema. "Samahani, dada Yvette."

"Sijauliza uombe samahani. Mahali umepaona. Kwa mguu wako tundu hili ni sahihi." Akamwonyesha kwa ncha ya msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. "Ila umetoboa ukaacha jeraha wazi, huna pete, huna ngozi ya kushikilia nyuma. Na hawa wengine wote umewavalisha mguu wako."

"Niliwaambia."

"Uliwaambia, halafu ukawatoboa."

Nami nilitazama dari. Yvette alimvutia Garth kiti, akamwekea mkononi kiatu changu, akamwambia aingize kidole gumba na asikilize. Alirudi kesho yake. Kwa wiki tatu, kila alipotoka shuleni, mwalimu wa fizikia alikaa kwenye kiti kile akigonga pete za chuma na kubandika vipande vya ngozi, kiatu baada ya kiatu, akiulizwa maswali asiyoyaweza.

Kisha Yvette akatoa jozi ya zamani kutoka chini ya meza. Ilikuwa ya Metro Kostiuk. Mzee Metro alichezea Nyati miaka thelathini, na tangu moyo umsumbue miguu yake ilivimba hata kiatu cha nyumbani kilimshinda. Majira mawili ya baridi hakuwa amekanyaga barafu. Yvette alikiri kwamba amekifungua kiatu kile mara tatu na kukifunga tena, hakujua la kufanya. Alitaka mtu wa kuhangaika naye.

Garth alikwenda kwa mzee na tepu ya kupimia. Alimpima asubuhi, mchana na jioni, siku mbili. Alizungumza na daktari wake kwa ruhusa ya mzee, na Colleen akamwambia wakati mzuri ni asubuhi, kabla mguu haujajaa. Walikata kiatu mbele mpaka karibu na vidole, wakatia ulimi mpana wa ngozi laini, wakagawa kamba mara mbili: ya chini ilegee kabisa, ya juu ishike kifundo. Kila tundu lilikuwa na pete yake.

Kamati ya Viatu ilipopata habari ilikutana upesi na kupitisha azimio la kujipongeza kwa kukuza vipaji. Mimi ndiye niliyeliandika. Gazeti la mji lilichapisha picha ya Wendell.

Alhamisi ya Februari, saa nne asubuhi, uwanja haukuwa na mtu ila sisi wachache na fundi wa barafu. Garth alipiga magoti akamfunga mzee Metro kamba, polepole, akimuuliza kila tundu: hapa vipi, na hapa. Mzee alisema panawasha, panabana, kazi gani hii, zamani viatu vilikuwa viatu. Kisha akasimama, akashika ukuta, akauachia.

Alizunguka uwanja mara tatu. Hakuwa na haraka, mikono nyuma, mgongo umeinama kidogo, na katika kona alikata kwa mguu wa nje kwa urahisi ambao hakuna hata mmoja wetu katika timu anao. Yvette alikunja mikono. Garth alitembea nje ya ukuta wa uwanja sambamba naye, macho kwenye vile viatu.

Mzee Metro alirudi benchi akihema, akaketi, akanyoosha mguu ili afunguliwe.

"Huu wa kushoto unataka kulegezwa kidogo hapa chini," alisema. "Kesho saa nne. Usinicheleweshe."