Feni Iliyofungwa Kinyume

Asubuhi ile Fundi Maji alikuwa amelala chali chini ya pua ya lori kuukuu, spana mdomoni, akipapasa tundu la bolti ya mwisho ya rejeta. Pale gereji walimpa jina hilo kwa sababu kazi zake zote zilianza na kuishia kwenye maji: rejeta, paipu, pampu, na ndoo yake ya kujazia ambayo hakuna aliyethubutu kuiazima. Lori lilikuwa la zamani, la boneti ndefu. Injini liliyozaliwa nayo ilikuwa imenoki, ikafia mlimani, na mafundi walikuwa wamelipandikizia injini ya mtumba kutoka gari la aina nyingine kabisa. Injini hiyo ilikuwa ndefu. Ilipokwisha kukaa mahali pake, kati yake na rejeta haukupita hata mkono.

"Basi feni itakaa mbele," alisema Fundi Maji, na hakuna aliyembishia.

Kazi hiyo angeifanya hata amefumba macho, na kwa lori hili angependa kweli kuyafumba. Siku injini iliponoki, aliyekuwa kwenye usukani ni mdogo wake, kitindamimba wa mama yao. Madereva wenzake walimwita Polepole, maana hata chai yake aliisubiri mpaka ikashika utando ndipo ainywe. Maji ya rejeta yalimrukia usoni na kifuani, na hospitali alifikishwa ameshakata roho. Bosi, mwenye lori, alifika msibani, akakaa kidogo, akasema mbele za watu kwamba kijana alikuwa mwema ila alifanya uzembe: alifungua kifuniko cha rejeta wakati inachemka.

Tangu hapo habari ilisimuliwa hivyo kila mahali palipoegeshwa malori. Mama yao alipopita sokoni, watu walimpa pole kisha wakaongeza kwamba vijana siku hizi hawana subira. Mama aliacha kwenda sokoni. Fundi Maji hakuamini neno hata moja, kwa sababu ni yeye, dada mtu, aliyemfundisha mdogo wake kuogopa kifuniko cha moto, na alimfundisha kwa makofi. Lakini rejeta ya zamani ilikuwa imeshauzwa chuma chakavu, kifuniko kikaenda nayo. Alipoletewa lori aliipokea kazi hiyo akiwa na hasira, akaifanya kwa hasira, na labda ndiyo sababu akakosea.

Feni yenyewe ilitoka kwenye gari dogo, ambako ilikaa nyuma ya rejeta ikivuta hewa. Ukiihamishia mbele huna budi kuigeuza uso, na ukiigeuza uso huna budi kubadilisha zile waya zake mbili, nyekundu ishike mahali pa nyeusi na nyeusi pa nyekundu. La sivyo itapuliza kuelekea barabarani, na injini itabaki inajipikia. Fundi Maji aliigeuza feni akasahau waya. Ni kosa ambalo kila fundi wa rejeta amewahi kulifanya, na adhabu yake huwa ni kuchekwa tu.

Akawasha injini, akaweka kipande cha kitambaa kwenye wavu wa mbele kupima upepo. Kitambaa badala ya kunata kikapeperuka, kikamwangukia begani. Upepo uliotoka ulikuwa wa vuguvugu, wenye harufu ya sigara na ya ile sabuni ya kufulia ambayo mdogo wake alikuwa akiogea.

"Dada," upepo ukasema, "feni umeifunga kinyume."

"Najua. Nilikuwa nataka kuirekebisha."

"Ningekuwa mimi, ungenisema mpaka jioni."

"Ningekusema," alikiri Fundi Maji. Akageuza ndoo yake, akaikalia mbele ya lori. "Ulifungua kifuniko?"

"Sikufungua. Kilifyatuka. Hakikuwa cha rejeta ile, Bosi alikitoa kwenye gari jingine. Nikakikaza kwa ukanda wa tyubu. Nikamwambia kinaachia, akasema ongeza maji, twende. Pale mlimani nilifungua boneti tu, nikasimama nasubiri ipoe. Hata sijakigusa."

Kule kwenye dashibodi mshale wa joto ulikuwa umepanda. Fundi Maji alizima injini, na sauti ikakatika. Alisubiri ipoe, akaongeza maji, akawasha tena. Hivyo ndivyo walivyozungumza asubuhi yote, kwa vipande.

Mafundi wengine walizima redio ili wasikie vizuri. Walipita mmoja mmoja kwenye wavu kumpa marehemu pole. Mpaka rangi wa gereji alimuuliza kama huko kuna baridi, akajibiwa kwamba ni wastani. Dereva mpya, aliyeajiriwa kulichukua lori, alivua kofia akasogea, kwa kuwa hakuwahi kukabidhiwa gari hilo na mtu yeyote.

"Kaka, gia ya tatu ina nini?"

"Ibembeleze. Ukiilazimisha inanuna."

"Na breki?"

"Breki haina neno. Honi ndiyo usiitegemee, inalia ikipenda yenyewe."

Dereva mpya alishukuru, akarudi kando kunywa chai yake.

Fundi Maji alikwenda kumchukua Mama. Mama alibadilisha nguo kwanza, akavaa ile ya kutokea, akapaka mafuta mikono. Alipowekewa kiti mbele ya lori na injini ikawashwa, hakuanza na habari ya kifuniko.

"Baba, umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Mbona sauti imekukauka?"

"Ni upepo, Mama."

Mama akaweka mikono mapajani. "Wanasema ulifungua wewe."

"Sikufungua, Mama."

"Nilijua," alisema Mama, akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa ameambiwa ni wake. Fundi Maji alimtazama na moyo ukamuuma kwa furaha, wala hakuwa amejua kama furaha nayo inauma hivyo. Aliona kwamba kumbe lililobaki ni dogo: Bosi aje, asikie, aseme mbele ya watu kama alivyosema msibani.

Bosi alikuja mchana. Alisimama mbele ya wavu, shati likipepea tumboni.

"Shikamoo, Bosi," ulisema upepo.

"Marahaba," alijibu Bosi kwa mazoea.

Polepole alieleza yote taratibu, bila kumvunjia heshima: kifuniko cha kuazima, ukanda wa tyubu, ongeza maji twende. Mwisho akasema, "Naomba tu uwaambie kilifyatuka, Bosi. Mama anapata shida." Bosi alisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo akingoja taarifa ya habari. Kisha akachungulia dashibodi.

"Fundi, mbona inachemka?"

"Feni inapuliza nje."

"Basi igeuze. Kesho lina mzigo wa kupeleka ng'ambo ya mlima."

"Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia. Sina ugomvi na marehemu. Lakini mimi nilishasema langu msibani, siwezi kulisema tena kwa namna nyingine. Watu watanionaje?"

"Basi feni itabaki hivi."

"Ibaki," alisema Bosi. "Litaondoka hivyo hivyo. Dereva yupo."

Dereva mpya alitazama viatu vyake. Alikuwa na mapacha wachanga nyumbani, na kabla ya kazi hii alikaa muda mrefu bila kazi. Kila mtu pale alijua kwamba angeliendesha.

Bosi alipoondoka, Fundi Maji aliongeza maji, akawasha kwa mara ya mwisho.

"Nikibadilisha waya sitakusikia tena," alisema.

"Najua, Dada. Lakini mlima ni uleule."

"Subirini kidogo," alisema Mama, akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa bampa. Wakazungumza mambo ya nyumbani: bati linalovuja, jirani aliyehama, nguo zake zilizobaki sandukuni. Mshale ulipogusa nyekundu Fundi Maji alizima, na mdogo wake akakatika katikati ya maneno, akiwa anataja mtu aliyetaka apewe viatu vyake.

Kubadilisha waya ni kazi fupi. Alilegeza nati mbili, akabadilisha, akakaza. Alipowasha, kitambaa kilinata kwenye wavu, na mshale wa joto ukapanda mpaka katikati ukasimama hapo. Mama aliinama kwenye wavu.

"Viatu apewe nani, baba?"

Maneno yalivutwa ndani. Akauliza tena. Feni ilizunguka vizuri, bila kelele.

Asubuhi iliyofuata Bosi aligusa paipu ya juu, kisha ya chini, akasema kazi ni safi. Akamwambia dereva mpya, kwa sauti ya kusikika gereji nzima, "Na wewe usije ukafungua kifuniko kama mwenzako."

"Sawa, Bosi," alisema dereva, akapanda. Mpaka rangi akawasha redio.

Lori lilipanda mlima na kushuka upande wa pili bila kuchemka, siku hiyo na zilizofuata. Madereva waliopita gereji walimletea Fundi Maji habari hizo, wakamsifu kwamba hapajapata kufungwa rejeta kama ile. Laiti na Polepole angekuwa mwangalifu, waliongeza, wakimpa pole. Akawaambia asante.