Kunguni Mwenye Jina la Mama

Mume kumpa kunguni jina la mke wake! Mwanamke mwingine angefunga virago siku hiyohiyo. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Wenzangu wanavishwa pete," alisema, "mimi nimevishwa mdudu." Lakini kila mgeni aliyeingia nyumbani alisimamishwa mbele ya mchoro wa mdudu huyo sebuleni, na ole wake mgeni aliyekuwa na haraka.

Mdudu mwenyewe hatishi. Ni mtembea-maji, jamaa wa kunguni, mwembamba, mdogo kuliko punje ya mchele, anayekatiza juu ya maji ya bwawa kama mtu anayekatiza sebule yake. Baba alimkuta bwawani nyuma ya kiwanda cha matofali, hana mbawa, akamtangaza kuwa ni spishi mpya. Sasa Mama hayupo, na hata kaburi lake lilisombwa na mafuriko. Mahali pekee duniani ambapo jina lake lilikuwa bado limeandikwa ni kwa mdudu huyo.

Na aliyekuwa karibu kulifuta ni binti yake mwenyewe, aliyerithi kiti cha baba yake katika chumba cha wadudu pale chuoni.

Balaa hilo hakulitafuta. Alitaka tu kujua wanavyokua. Akamtenga jike mmoja asiye na mbawa kwenye beseni la kioo pamoja na bua laini la bwawani, maana majike hawa hutoboa bua na kutaga ndani yake. Mayai yakaanguliwa, watoto wakakua. Wengi wakatoka bila mbawa, mdudu wa Mama mtupu. Wachache wakatoka na mbawa, na hao kila mtu wa kazi ile anawajua: ni spishi ya kawaida kabisa, iliyopewa jina kabla Baba hajazaliwa. Mama mmoja, bua moja, na watoto wa majina mawili.

Alijiambia huenda amekosea. Akawaweka madume chini ya hadubini, mwenye mbawa na asiye nazo, ubavu kwa ubavu. Kucha zao zilikaa kwenye ncha kabisa ya mguu, si nyuma kidogo ya ncha kama za jamaa zao wanaoteleza juu ya maji. Sawa. Akawageuza tumbo juu, akatafuta pingili ya nane, pale dume anapobeba vishungi viwili vya nywele nyeusi. Hapo ndipo wanapotambulika, mengine yote ni porojo. Vishungi vilikaa mahali palepale kwa wote wawili. Akabadilisha taa. Akafuta lenzi ambayo haikuwa na doa. Vishungi havikusogea.

Sheria ya watu wa kazi hiyo haina huruma: mdudu akiwa na majina mawili, la zamani hubaki na jipya huzikwa.

Alasiri alikwenda kwa Baba. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, na nyumba ilinuka dawa ya kifua na blanketi lisilokauka. Mzee alikuwa kwenye kiti chake dirishani, amekonda, shingo inacheza ndani ya kola.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Wajukuu wangu wa beseni hawajambo?"

"Hawajambo."

"Umewaangalia?"

"Nimewaangalia." Akavua viatu polepole kuliko ilivyohitajika. "Ni spishi mbili, Baba. Lazima bua liliingia likiwa na mayai ya jike mwingine. Nimeona miiba ya paja la nyuma. Wenye mbawa wana michache."

Baba alimtazama vilevile alivyokuwa akimtazama utotoni kikombe kikivunjika jikoni.

"Miiba," alisema. "Miiba haifanani hata kati ya mguu wa kushoto na wa kulia wa mdudu mmoja. Hayo nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Ndiyo maana wanasema njia ya mwongo fupi. Nipe habari ya vishungi."

Binti alianza kulia, na Baba akapata jibu lake.

"Enzi zile sikupata dume mwenye mbawa hata mmoja wa kulinganisha naye," alisema mzee. "Nilisubiri msimu mzima. Halafu mama yako akaanza kuugua, nikaona nisisubiri tena. Nilitaka amwone mdudu wake kabla hajafariki." Akakohoa, akasubiri pumzi irudi. "Kwa hiyo haraka ilikuwa yangu."

"Tuache tu, Baba. Nani atajua? Nani anahangaika na kunguni wa bwawani?"

"Wewe utajua. Na kila ukiutazama mchoro wa mdudu wa mama yako pale ukutani utautazama kwa aibu. Sitaki." Akanyoosha kidole mezani. "Chukua kalamu. Makala itatoka kwa jina langu peke yangu. Asije mtu akasema binti ndiye aliyemfuta mama yake. Atakayemfuta ni mimi."

Binti akafuta macho, akaandika. Baba alimtamkia maneno vizuri, kwa sauti ile ya darasani ambayo binti hakuwa ameisikia kwa muda mrefu: bwawa, bua, beseni, kucha kwenye ncha, vishungi viwili kwenye pingili ya nane, mahali pamoja kwa madume wote. Hakurudia neno. Hata kikohozi kilimpa nafasi.

Ikabaki sentensi moja, ile inayotaja jina jipya, la Mama, na kusema kwamba halipo tena.

Baba akafungua mdomo. Akaufunga. Akaangalia mvua dirishani, akajaribu tena, na jina halikutoka. Binti alisubiri, kalamu ikiwa juu ya karatasi, mpaka akaelewa kwamba mzee hataweza.

Akainama, akaiandika mwenyewe.