Nyekundu Chini ya Nyeupe

"Baba, ule ukuta wako umeota madoa," binti alisema Jumatano jioni, huku akimenya viazi.

Mchora mabango aliweka chini kikombe chake. "Madoa gani?"

"Ya waridi. Kama mtu aliyetoka vipele. Mkuu wa hospitali ameniambia kesho niyasugue, mgeni wao asiyaone Ijumaa."

"Usisugue."

"Nisisugue? Unataka anisugue mimi?" Akacheka. "Si unyevu tu huo! Mbona umekunja uso kama umemeza msumari?"

Angeanzia wapi?

Shule alikwenda miaka minne tu, ila herufi zilimpenda. Miaka thelathini alikuwa akiandika maneno ya watu kwenye kuta za watu: KARIBU TENA. USIKOJOE HAPA. TUNAKUJALI. Uongo mwingine aliutia kivuli cha bluu hadi ukapendeza kuliko ukweli. Tangu abaki mjane alikuwa akijiuliza: mtu aandike maneno elfu kumi, asiwe na hata moja la kwake, huyo ni mwandishi au ni brashi?

Basi Jumatatu hospitali ikamwita. Mkubwa mmoja alikuwa anakuja kufungua chumba cha kusubiria kilichokarabatiwa, na ukutani palitakiwa MGONJWA NI MFALME, kila herufi urefu wa mkono hadi kiwiko. Akakubali. Atakataaje, na binti yake ni mfagiaji wa hospitali hiyohiyo, mwezi wa saba sasa, na ndiye anayeweka chungu jikoni?

Alipoingia akalikuta benchi. Walikuwa wamelipaka rangi mpya, lakini benchi ni lilelile. Mkewe aliketi pale tangu alfajiri, mkono kifuani, hadi jua lilipopinda. Yeye mumewe alikwenda dirisha la mapokezi mara tano. "Subiri, mzee, daktari yuko kwenye kikao." Kikao! Wakubwa wana vikao vya kupanga vikao. Mama wa watu akafa ameketi wima kama mgeni mwenye adabu, na kwenye daftari la wagonjwa hakuna aliyekuwa ameandika jina lake.

Binti alikuwa shule ya bweni wakati ule. Baba alimwambia mama kafia njiani, kwenye gari. Mwanzo alitaka kumpunguzia uchungu. Baadaye binti akapata kazi palepale, na uongo ule ukageuka sahani wanayolia wote wawili. Ukivunjika, wale nini?

Jumatatu hiyo mchana chumba kilifungwa ili afanye kazi. Alikuwa peke yake, na mkononi ana kopo la rangi nyekundu ya mafuta, ya kupakia ndoo za kuzimia moto. Mkono ukajiendea wenyewe. Bila uzi wa chaki, bila rula, juu ya benchi akaandika:

MKE WANGU ALIKUFA AMEKETI HAPA. HAKUULIZWA HATA JINA.

Akarudi nyuma hatua tatu, kama afanyavyo kwa kila kazi. Herufi zilikuwa zimepinda, na miguu ya K ilikuwa mirefu kama kawaida yake. Hajawahi kuandika vibaya vile, wala vizuri vile. Kifua kikawa chepesi. Kisha viatu vikasikika ukumbini, na woga ukamrudia mbio. Akapaka nyeupe juu yake, mkono wa kwanza, mkono wa pili, jasho likimdondokea kwenye kopo. Juu zaidi akamwandika mfalme wao kwa bluu, akaondoka.

Fundi yeyote anajua kwamba nyekundu haizikwi na nyeupe. Ni lazima katikati ipite rangi ya fedha, la sivyo itapenya tu. Alijua. Lakini rangi ya fedha hakuwa nayo, na hiyo nyeupe ya kupewa na mtunza stoo ilikuwa imebatizwa maji hadi ikawa uji wa mgonjwa. Nyeupe yenyewe, ile nzito, ilikuwa imekwenda kwenye ukuta wa nyumba ya mkuu, uliokuwa ukiwaka mtaani kama meno mapya. Hivyo ndivyo walivyo. Hata ukitaka kuwafichia aibu yao, wameshaiba cha kufichia.

Alimkumbuka jirani yake, fundi cherehani, aliyeuliza mkutanoni pesa za bomba zimekwenda wapi. Walimchukua usiku uleule, wakamrudisha baada ya wiki mbili. Tangu hapo hakuwahi kuuliza hata saa.

Asubuhi ya Alhamisi alipoamka, binti alikuwa ameshatoka. Akakimbilia kwa muuza rangi, akarudi na kopo la fedha ndani ya koti, akaifuata njia ya hospitali nusu anatembea, nusu anakimbia.

"Fundi, unatweta hivyo, umefukuzwa na mke?" mlinzi wa getini alimtania.

"Mke wangu hafukuzi tena mtu," akasema, akapita.

Alifungua mlango wa chumba cha kusubiria, akajua amechelewa.

Binti alisimama mbele ya benchi, brashi ya kusugulia mkononi, ndoo ya povu miguuni. Ule uji wa nyeupe ulikuwa umetoka wote. Maneno yalikuwa wazi, mekundu, yakichuruzika maji.

"Hizi K ni zako," binti alisema bila kugeuka.

"Mwanangu..."

"Uliniambia kwenye gari."

"Nilikwambia."

"Miezi saba, Baba. Miezi saba nalipangusa benchi hili."

Mzee akatoa kopo ndani ya koti, akakikwangua kifuniko kwa kucha, kikagoma kufunguka. "Nipishe nifunike. Watakufukuza. Mimi watanifunga. Nipishe, mama, nakuomba."

Binti alilichukua lile kopo, akaliweka chini, nyuma ya ndoo. Kisha akaketi kwenye benchi. "Kaa, Baba."

Viatu vikaanza kulia ukumbini, vile vya ngozi, vya mtu asiyewahi kusubiri. Mzee alitazama dirisha, akatazama mlango. Akaketi. Binti akamshika mkono, na wa binti nao ulikuwa baridi.

Mkuu aliingia, akasoma. Alisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mimi," mzee alisema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu mwingine.

"Unajua kesho anakuja nani hapa? Unajua nitakufanya nini?" Akachomoa kalamu mfukoni na kijitabu. "Fundi, fundi... Jina lako nani wewe? Jina kamili! Polisi watalitaka."

Mzee alijua atalala wapi leo. Akalitaja jina la mkewe, lote, la mama yule mwenyewe na la baba aliyemzaa, polepole, kama anayemtajia mtu wa kuandika bango.

Mkuu akaliandika.