Matabishi ya Marcelline

Marcelline alikuwa na ugonjwa ambao hospitali zote za Johannesburg zisingeuweza: hakurudisha nguo kama ilivyokuja. Ukimpelekea suruali akubadilishie zipu, utaikuta na kifungo kipya. Kwao Bukavu hiyo huitwa matabishi, nyongeza ya bure ya kumfurahisha mteja, na kibandani kwake Troyeville hakuna aliyeondoka bila matabishi.

Basi mumewe Ignace, mlinzi wa hoteli moja, akamletea mgeni. Aliitwa Risten, Msami kutoka kaskazini kabisa mwa Norwe, huko watu wanakofuga kulungu juu ya theluji. Alikuja kwenye mkutano wa jamii za asili, na gauni lake la buluu la kikwao, ambalo angelivaa kesho yake akihutubia, lilikuwa limefumuka kwapani. Marcelline alimpenda palepale, maana mgeni alikula sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akaomba tena.

Kwapa lilishonwa kufumba na kufumbua. Kisha fundi akautazama utepe wa pindoni, umepauka, masikini. Akaufumua, akaweka mahali pake kitenge kinachong'aa. Akalala na furaha.

Asubuhi Risten alipoliona, alishika pindo, machozi yakamlengalenga.

"Utepe ule aliusuka bibi yangu," alisema. "Kwetu, ukiutazama unajua mtu ni wa bonde gani. Leo nakwenda kusema bonde hilo lina wenyewe. Watu wa kampuni wanataka kujaza mitambo ya umeme wa upepo kwenye njia za kulungu wetu. Nitasemaje na nguo isiyo na kwao?"

Marcelline alitamani ardhi immeze. "Nilitaka kukufurahisha, mama."

"Nao husema hivyohivyo. Umeme safi, ajira, barabara. Zawadi tupu. Ila hakuna aliyetuuliza."

Maneno hayo yalimchoma Marcelline kuliko sindano. Akamgeukia mumewe. "Ignace, leta ule mufuko wa bipande! Mbio!"

"Eish, lakini gari iko inangoya."

"Ingoye! Ao tutashonea mu gari."

Utepe ulipatikana chini kabisa ya mabaki ya vitambaa, na kweli wakashonea garini, Risten amelivaa gauni, fundi amejikunja miguuni pake, akifumua kitenge na kurudisha utepe. Kila robot, yaani taa ya barabarani, ilipowaka nyekundu, Marcelline alimshukuru Mungu, jambo ambalo sidhani kama limewahi kutokea katika mji ule. Walipofika ukumbini, kipande cha shibiri moja kilikuwa bado kitenge, na jina la Risten lilishaitwa.

"Dakika moja tu," Marcelline alisihi, amepiga magoti mlangoni.

Risten alimwinua. "Hicho kiache. Nakihitaji."

Jukwaani aliinua pindo, wote wakaona.

"Fundi wangu aliniharibia nguo kwa upendo," alisema. "Hakuniuliza. Lakini alipojua, hakubishana nami kwamba kitenge chake ni kizuri zaidi. Alipiga magoti, akafumua." Akawatazama watu wa mitambo waliokaa safu ya mbele. "Nyinyi je?"

Mlangoni Marcelline alisimama na pini zake mdomoni, hata kulia vizuri hakuweza.