Mitumba ya Kesho

Alhamisi, alipotoka redioni, Sadiya alipitia soko la Arua kununua nyanya, na kwa Obitre, muuza mitumba, akauona mtungi wa kuita mvua. Ulikaa juu ya rundo la mikanda na mabegi, mkono wake umevunjika, ufa wa mdomoni umezibwa kwa gundi. Sadiya aliutambua papo hapo, maana yeye ndiye aliyeubuni, katika hadithi aliyoisoma redioni mwezi uliopita, na katika hadithi ile mtungi ulikuwa mzima. Alimaliza kwanza mambo ya nyanya. Kisha akauliza bei, akaicheka, Obitre naye akacheka, wakapatana. Nyumbani kwake Koboko mtungi uliita mvua sawasawa, ila mvua yenyewe ilikuwa nyembamba na ya baridi, mvua ya mji mwingine, na maharage hayakuipenda.

Sadiya alikuwa mwandishi wa hadithi za kisayansi, mwandishi hasa, si wa kubahatisha. Kila asubuhi alichemsha chai ya tangawizi, akamtandikia mama yake mkeka barazani, akaketi kando yake na kompyuta mapajani, akahamisha watu kwenda mwezini mpaka betri ikazima. Umeme wa Koboko ulikuwa na ratiba yake, wala haukumwonyesha mtu. Betri ikizima, Sadiya alimenya muhogo, na watu wa mwezini wakangoja. Juliet, mhariri wake wa Kampala, aliwahi kumwomba chombo cha anga kitue Kampala, ili wasomaji wasisumbuke kuamini. Sadiya alimjibu kwamba chombo kimeshatua Koboko, abiria wameshateremka, na wameshapewa chai. Mhariri hakuuliza tena.

Baada ya mtungi vikaja vitu vingine. Alichokisoma Sadiya Alhamisi hii, Alhamisi ya mbele kilikuwa kwa Obitre, kimechakaa. Hakimu, mshonaji jirani wa Sadiya, alinunua pale viatu vinavyotembea vyenyewe, ambavyo Sadiya alikuwa amewabunia mahujaji wa sayari ya mbali. Vilikuwa viatu vizuri, ngozi laini, visigino vimelika upande. Kila kulipopambazuka vilimwinua Hakimu kitandani, vikampeleka mpaka kwenye uzio wa uwanja wa mpira, vikasimama hapo kungoja basi la mtu aliyevivaa kwanza. Basi halikuja. Jioni vilimrudisha nyumbani. Hakimu alisema havina kosa, ni bidii tu, na akaanza kwenda na kitambaa chake na sindano, akawa anashona vifungo pale uzioni.

Watu hawakuona ajabu. Mashati hufika Arua na harufu ya makabati ya watu, na makoti hufika na tikiti za treni mifukoni. Kwa nini kesho nayo isifike hivyo hivyo? Walichomwomba Sadiya ni abuni vitu vyenye vipuri. Mwanamke mmoja muuza samaki alimshika mkono njiani, akamwambia asiandike tena mambo ya betri, aandike vitu vya kutumia mkaa. Sadiya akaahidi kulifikiria, na kweli akalifikiria.

Lakini kitu alichokifikiria kuliko vyote kilikuwa kimekaa kando yake mkekani. Mama yake, ambaye mtaa mzima wa Wanubi ulimwita haboba Faridah, yaani bibi Faridah, alikuwa kipofu. Mikono yake ilisuka tabaga bado, vile vifuniko vya chakula vya rangi rangi, na Sadiya alimpa nyuzi kwa kumtajia: hii nyekundu, hii kijani, hii ya chungwa. Macho yalikuwa yamezimika polepole, miaka ile Sadiya yuko Kampala anasoma na kuhangaika na maisha. Aliporudi Koboko na mkoba wake, mama alimpapasa paji la uso, pua, kidevu, akasema ni yeye. Daktari wa macho alisema kwa upole kwamba mishipa imekufa na hakuna dawa. Haboba Faridah hakumlilia mtu. Alikuwa na neno moja tu, na alilisema huku anasuka.

"Sitaki mengi, binti yangu. Nataka kukuona uso. Huu nilio nao kichwani ni wa msichana."

Neno hilo lilimchoma Sadiya kila liliposemwa, na lilisemwa mara nyingi. Sasa mtungi ulipokuja, na viatu vikaja, akajua la kufanya. Hakutaka ushauri wa mtu. Mwenye kisu ndiye mla nyama, alisema, na kisu anacho. Akaandika hadithi ya miwani inayomwezesha kuona mtu ambaye macho yake yamekufa. Akaeleza vioo vyake, uzito wake, jinsi inavyokaa puani bila kuteleza hata kwa jasho la kiangazi. Akaisoma redioni kwa sauti yake ya siku za sikukuu, akarudi nyumbani, akalala vizuri.

Alhamisi iliyofuata miwani ilikuwa kwa Obitre, katikati ya saa za ukutani. Obitre alikuwa Mlugbara wa Vurra, mpakani, na mizigo yake ilikuja kwa malori ya upande ule, imefungwa marobota. Aliifuta miwani kwa shati lake, akampa. Sadiya hakupatana hata bei.

Mama yake aliivaa, akaiweka sawa puani. Kisha akasema anaona kuku. Anaona kizingiti, anaona sufuria, na hiyo sufuria imeungua chini, nani ameiunguza? Sadiya alicheka, machozi yakimtoka. Akaja akachuchumaa mbele ya mama yake, uso kwa uso. Mama akasema hapo mbele haoni mtu. Anaona dirisha, na nje ya dirisha mti usio na jani hata moja.

Sadiya alielewa haraka, maana ni kazi yake kuelewa mambo ya aina hiyo. Aliyeivaa miwani kwanza alikuwa ametazama dirisha moja maisha yake yote, na dirisha likawa limekwangua kioo hapo katikati, kama njia inavyokwangua majani. Pembeni kioo kilikuwa safi. Katikati palikuwa pa mwenyewe.

Alikwenda kumweleza Obitre. Obitre alisikiliza vizuri, kwa sababu ni mtu wa adabu, halafu akamweleza na yeye.

"Kitu mpya hapana pita hapa, mama wa redio. Mpya inaisha kule mbele. Sisi iko mwisho wa barabara."

Sadiya hakuvunjika moyo. Mwandishi akiona sehemu imemshinda huiandika upya, hailaumu kalamu. Safari hii aliandika kwamba miwani ni mipya, imo ndani ya karatasi ya nailoni, haijaguswa na mkono. Ilipokuja ilikuwa ndani ya nailoni kweli, na nailoni ilikuwa imefunguliwa na kuunganishwa tena kwa moto wa mshumaa. Mama alipoivaa aliona katikati meza ya mtu, na karata juu ya meza. Mchezaji hakuwa hodari, alisema, na akaivua.

Ndipo Sadiya akakaa chini kuandika kwa nguvu zake zote. Akajenga kiwanda. Akakijenga Koboko, kando ya barabara kuu, mahali ambapo kila mtu anapajua na mbuzi hulala, akakiwekea bati jekundu na kengele ya kuanzia kazi. Wafanyakazi akawapa majina ya watu wa hapa. Mwanamke aitwaye Eyotaru ndiye aliyesugua vioo, Taban ndiye aliyefunga skrubu, na mchana walikula kalo, ule ugali wa wimbi, na maharage kwa mama mmoja nje ya geti. Na mwisho kabisa, kwa herufi alizozipiga polepole, akaandika kwamba jozi ya kwanza kutoka mikononi mwa Eyotaru ilipewa mama mzee aliyetaka kumwona binti yake usoni, naye akamtazama mpaka akatosheka.

Ilikuwa sehemu bora kuliko zote alizowahi kuandika, na alijua hivyo. Alipoisoma, fundi mitambo alisahau kuweka tangazo la sabuni. Koboko watu walikwenda kusimama pale wanapolala mbuzi, wakaonyeshana geti litakuwa wapi. Wawili watatu walikuja barazani kwa Sadiya kuomba kazi, na mmoja alikuwa amevaa tai. Haboba Faridah alisuka wiki ile yote bila kusema neno lake, maana mtu aliyeahidiwa hakumbushi.

Alhamisi ilipofika Sadiya hakununua nyanya. Alikwenda moja kwa moja. Obitre alikuwa nayo mkononi, akiizungusha, na hakuwa anacheka. Mkono mmoja wa miwani ulikuwa umefungwa kwa uzi. Ndani ya mkono wa pili palikuwa na maandishi madogo, yamefifia kwa jasho la sikio la mtu, lakini yalisomeka: Imetengenezwa Koboko.

Sadiya aliyasoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hapo alikasirika, hasira ya kweli. Akamwuliza Obitre mzigo umetoka wapi. Obitre akasema umetoka Vurra, na lori, kama siku zote. Sadiya akasema kiwanda kiko Koboko, na yeye amekuja asubuhi hii kutoka Koboko, na kutoka Koboko kuja Arua mtu hapiti Vurra.

"Kiwanda iko Koboko," Obitre alisema. "Hiyo mimi hapana kubisha. Lakini kitu yake inatoka kwanza, inakwenda kwa wenyewe. Ikichoka, inarudi kwetu."

"Wenyewe ni sisi, Obitre."

Obitre aliangalia rundo lake. Alisema na yeye alifikiri hivyo, na hakutaka pesa.

Alipofika nyumbani, mama yake alikuwa ameoga na kujifunga gurbaba, shuka yake ya Kinubi ya sikukuu. Alipokea miwani, akaipapasa kwanza kwa vidole, ule uzi, kisha yale maandishi. Vidole vya msusi husoma. Akauliza imeandikwa nini, na Sadiya akamwambia, kwa sababu hakuwa amezoea kumdanganya.

"Mfinyanzi hulia gaeni," mama alisema, akaivaa.

Sadiya alikuwa amechuchumaa mbele yake. Alingoja. Mama alitazama kwa muda mrefu, na uso wake ukalainika hata Sadiya akaanza kutabasamu.

"Binti mzuri," mama alisema taratibu. "Ana kovu dogo hapa, juu ya nyusi. Anapenda kucheka. Lakini si wewe."

Sentensi ya Sadiya ilikuwa imetimia neno kwa neno. Jozi ya kwanza ilipewa mama mzee, mahali fulani, na huyo mama alimtazama binti yake mpaka akatosheka, na huko kutosheka kwake ndiko kulikoukwangua uso wa binti kwenye kioo. Sadiya alikaa chini kwenye mkeka, juu ya nyuzi, akalia waziwazi. Mama alimwacha alie. Alikuwa bado anamtazama yule mwingine, kwa adabu, maana mtu huwezi kumgeuzia kisogo mgeni aliyekutabasamulia.

Kisha haboba Faridah akageuza uso. Aliugeuza kabisa, ukaelekea jikoni, kama mtu aliyesusa, na kwa ukingo wa kioo, hapo palipokuwa safi, akamtafuta binti yake. Akakaa hivyo, shingo imepinda.

"Kumbe una mvi," alisema.

Sadiya alifuta pua. Akasema ndiyo, anazo, na nyingine ziko nyuma.

"Na umenenepa. Nani alikuwa ananiambia huli?" Mama akaendelea kuelekeza uso jikoni, akimtazama kwa pembeni. "Kaa hapo hapo. Usisogee katikati."

Siku hizi wapita njia wapya hudhani mama na binti wamegombana, kwa jinsi mzee anavyokaa amempa mwenzake shavu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Wenyeji wanajua. Hakimu bado anashona vifungo uzioni. Kwenye eneo la kiwanda mbuzi wanalala kama zamani, na yule mtu mwenye tai hupita pale mara moja moja, kuangalia. Kila wiki lori huteremsha kwa Obitre robota jingine la miwani, yote imeandikwa Koboko, yote imekwisha kuvaliwa. Watu wa Arua wanainunua. Wanachagua kwa kuivaa na kutazama katikati, na hupenda zaidi ile yenye bahari.

Sadiya anaandika. Kabla betri haijazima amepata kurasa zake, na Juliet amemwambia kitabu cha kiwanda kinauzwa vizuri sana nje, kabla hata hakijafika Koboko.  Sadiya sasa anaandika kiwanda cha pili, mkubwa wake ni Eyotaru, na geti lake halifunguki kwa nje, ili kitu kisitoke kwenda kwa wengine kwanza. Anaamini atalipata neno. Amepata mengine.

Asubuhi mama yake huvaa miwani kabla ya chai. Humsalimu kwanza binti wa watu, humwuliza ameamkaje na mama yake hajambo, kwa sababu mgeni husalimiwa kwanza. Kisha hugeuza uso, kumtafuta wake.