Tarumbeta Kabla ya Jumatatu

Daktari wa meno hakumung'unya maneno. Siku ya Jumanne alimwambia mume wangu kwamba meno yake matatu ya mbele, ya juu, yamelegea mpaka kwenye mizizi, na Jumatatu yatang'olewa. Mtu mwingine angeuliza atakulaje. Mume wangu aliuliza atapigaje. Daktari akadhani mzee anazungumzia ugomvi, ikabidi mimi niingilie kati nimweleze kwamba huyu ni mpiga tarumbeta, na tarumbeta hupigwa kwa midomo iliyoegemea meno. Akasema basi atawekewa ya bandia, atajifunza upya. Mtu ana miaka sabini na moja! Ajifunze upya mpaka lini?

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akiyapapasa yale meno kwa ulimi. Nilijua anachowaza. Ana wimbo wake mmoja, aliutunga mwenyewe, hauna maneno wala jina, na haujawahi kurekodiwa popote. Ukimwondoka midomoni Jumatatu, umekwenda na meno.

Kurekodi kwenyewe ni kidonda cha zamani. Alipokuwa kijana, wenzake wa bendi walimwita Mabati, kwa sababu akipuliza, paa linatetemeka. Siku bendi yao iliporekodi sahani ya santuri, kulikuwa na maikrofoni moja tu, na fundi mitambo kila mara alikuwa anamwambia tarumbeta rudi nyuma, tarumbeta rudi nyuma, mpaka Mabati akajikuta yuko nje, kwenye ujia, anapuliza akitazama ukuta. Kwenye sahani ile anasikika kama jirani anayejifunza nyumba ya tatu. Wenzake walicheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sahani ipo kabatini mpaka leo, na miaka yote niliyokaa naye sijamwona akiipiga.

Basi nikaamua. Mwanetu wa kiume, anayetunga nyimbo zake siku za mapumziko, alikuwa ameacha kwetu kompyuta yake ya zamani na kisanduku cha kurekodia, chekundu, kidogo kuliko mkate. Maikrofoni unaichomeka mbele, waya mwingine unaingia kwenye kompyuta, na sauti inahifadhiwa. Nilipompigia simu kumwambia nitarekodi mwenyewe, alicheka, akaniambia nisubiri aje Jumatatu mchana. Nikamwambia Jumatatu mchana baba yako atakuwa na pamba mdomoni. Halafu nikamkumbusha kwamba mama yake alikuwa opereta wa simu miaka ishirini na sita, nyaya amezichomeka na kuzichomoa kabla yeye hajajua kufunga kamba za viatu. Asinitishe kwa kisanduku.

Jumamosi asubuhi nilitundika mablanketi kwenye kuta za chumba cha kulala, nikafungua milango ya kabati nguo zimeze mwangwi, nikamvika mzee spika za masikioni. Akasimama karibu kabisa na maikrofoni, kifua mbele. Alisema hasikii anachopiga. Nikamwongezea. Akapuliza, kile kisanduku kikawasha taa nyekundu, na tuliposikiliza, sauti ilitoka imechanika kama shuka kuukuu. Tukarudia, ikawa vilevile. Mara ya tatu nikamfokea apunguze pumzi, naye akanifokea kwamba huo ndio wimbo ulivyo.

Nikampigia mwanangu, nikaweka simu wazi ili mikono yangu ifanye kazi. Kosa kubwa. Mtoto akasema, bila ubaya wowote, baba arudi nyuma hatua tano, au asimame mlangoni.

Mume wangu alivua spika taratibu. Akafuta tarumbeta kwa kitambaa chake cha manjano, na nikaona kitambaa kimeshika damu. Akailaza kwenye sanduku lake, akafunga, akakaa kitandani.

"Hata nyumbani kwangu?" akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Midomo ilikwisha kuvimba, siku hiyo asingeweza tena. Imebaki Jumapili, na kwa hali ya yale meno, Jumapili ilikuwa na wimbo mmoja tu ndani yake, si miwili.

Jumapili aliingia kuoga, mimi nikakaa mbele ya kile kisanduku na mfuniko wa sufuria na mwiko. Kazini tulifundishwa kwamba taa ikiwaka vibaya usimgombeze aliyepiga simu, tazama kwanza waya ulioushika wewe. Jana nilikuwa nimemgombeza kila mtu. Nikagonga mfuniko karibu na maikrofoni, taa nyekundu. Nikavaa miwani, nikavitazama vitufe vya kuzungusha kimoja kimoja. Kile chenye picha ya spika za masikioni kilikuwa chini kabisa, hakijaguswa. Kile cha maikrofoni kilikuwa juu, mwisho wa kuzunguka. Mzee aliposema hasikii, badala ya kumwongezea masikioni, nilikuwa nimeiongezea maikrofoni. Tarumbeta haikuwa na kosa, na pumzi zake hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na hapakuwa na wa kumsingizia.

Nikakishusha cha maikrofoni karibu na mwanzo, nikapandisha cha masikioni. Nikagonga mfuniko kwa nguvu zangu zote, pua ya maikrofoni hapo hapo. Taa ikabaki ya kijani. Nikabonyeza kabisa kitufe cha kurekodi, kwa kuogopa kusahau baadaye, ndipo nikamwita.

Hakuingia. Nilipogeuka nilimwona yuko nje, kwenye ujia, amevaa shati lake la bendi, tarumbeta mkononi. Alikuwa amehesabu zile hatua tano. Aliniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubali, kama hapo panatosha. Habari za vitufe nikaziacha kwanza.

"Sogea," nikamwambia. "Sogea mbele. Njoo hapa, karibu na mimi."

Akaja. Akapiga wimbo wake wote, mwanzo mpaka mwisho, hakuuonea haya. Kwenye ile sehemu ya juu niliona uso wake unakunjamana, jino moja lilikuwa linaachia, na hakuacha. Mabati ya jirani yalitetemeka. Taa haikutoka kwenye kijani.

Jumatatu mchana mwanetu alikuja kuusafisha wimbo. Baba yake alikuwa amekaa pembeni, mashavu yamejaa pamba, haruhusiwi kusema. Tukasikiliza wote. Kijana alitikisa kichwa, akasema mama, hii ni safi, hata pumzi yake kabla ya noti ya kwanza imo. Kisha akasema kuna sauti yako mwanzoni, sogea sogea, subiri niikate.

Mzee akamshika mkono. Akachukua karatasi ya dawa aliyopewa na daktari, akaigeuza, akaandika polepole, akamsukumia mwanawe.

"Usikate. Hapo ndipo wimbo unapoanza."

Kijana akanitazama mimi. Nikamwambia umemsikia baba yako, nikaenda jikoni kumkorogea uji, maana machozi yalikuwa yananitoka.