Mstari wa Mwisho Kwenye Kona ya Ramani

Shangazi wa mchora ramani mmoja alisoma mita za maji kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakutembea kama watu wengine. Wengine hutembea wakiwaza yao, yeye alihesabu. Kutoka kona ya ukuta hadi valvu iliyofukiwa na kifusi, hatua kumi na nne. Kutoka nguzo ya umeme hadi bomba kuu, hatua sita. Aliandika kwenye daftari la shule, kwa penseli, maana wino huchuruzika mvua ikinyesha. Hakuna aliyemtuma. Wenzake walimcheka wakambandika jina la Mama Hatua, naye akaitika, akaendelea kuhesabu.

Alipostaafu, madaftari kumi na moja yalikwenda naye nyumbani, yakakaa juu ya kabati la vyombo. Idara ya maji haikuyaulizia. Ilibaki na mabomba yake chini ya ardhi, na watu ofisini wasiojua yalipo.

Aliyeyashusha kabatini ni binti wa kaka yake, huyo mchora ramani, ambaye idara ilimwajiri kwa mkataba wa mwaka mmoja ayachore mabomba kwenye kompyuta. Alimtembeza shangazi kwenye korido ya ofisi, akapima: hatua kumi, mita saba na sentimita ishirini. Akageuza hatua zote kuwa mita kwa kipimo hicho. Na kwa kuwa si mtu wa kuamini mambo kichwa kichwa, alikwenda mitaa ishirini akiwa na jembe mkononi, akafukua. Kila mahali valvu ilikuwa pale pale, au imepishana kwa urefu wa kiatu. Alirudi ofisini suruali imejaa udongo, akajitupa kitini, akasema peke yake, "Huyu mama ni kiboko!"

Ramani ilipokamilika, kwenye kona ya chini aliandika vyanzo, kama afanyavyo mchora ramani yeyote mwenye adabu. Mitaa na majengo: ramani huria ya watu wa kujitolea. Miinuko: picha za setilaiti. Mipaka ya viwanja: ofisi ya ardhi. Mstari wa mwisho, mahali pa valvu: madaftari ya vipimo ya fulani binti fulani, msoma mita mstaafu. Aliandika jina kamili, la kwenye kitambulisho.

Mkuu wa kitengo alivaa miwani, akasoma mpaka kwenye kona.

"Hawa wa ramani huria nawaelewa," alisema. "Leseni yao inataka watajwe, tukiwaacha watatushtaki. Sasa shangazi yako naye atatushtaki?"

"Hawezi, bosi. Ndiyo maana inabidi tumtaje sisi wenyewe."

"Aa, mwamba ngoma huvutia kwake!" Mkuu alicheka, lakini kalamu yake tayari ilikuwa imepiga mstari juu ya jina. "Kesho watu watasema idara imekuwa ya ukoo. Andika 'Kumbukumbu za Idara', yaishe."

Mkataba wa mchora ramani ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na wa kuusaini upya ni mkuu huyo huyo. Tusimhukumu haraka. Alikuwa na watoto wawili shuleni na mume aliyekuwa akitafuta kazi tangu mwaka jana. Alifuta jina, akaandika alichoambiwa, akachapisha nakala arobaini. Masikio yalimwaka kwa aibu. Jumapili hakwenda kumwona shangazi kama ilivyokuwa kawaida yake, alisingizia mafua.

Jumanne asubuhi bomba likapasuka mbele ya zahanati. Haikupita saa, simu ya fundi mkuu ikaita mezani kwa mchora ramani.

"Dada, ramani yako imetuingiza mkenge. Tumefukua ulipoweka alama ya valvu, hakuna kitu! Maji yanaingia stoo ya dawa, wauguzi wanahamisha maboksi vichwani. Hebu niambie, hapa alipima nani?"

Mchora ramani aliiweka simu kwenye spika, akaivuta kompyuta karibu.

"Kwenye kona pameandikwa Kumbukumbu za Idara," fundi aliendelea. "Nimepiga masijala, wanasema hawana kitu kama hicho, nijaze fomu ya maombi. Nijaze fomu, na maji yako magotini!"

Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama mlangoni, kayasikia yote. Mchora ramani hakumwomba ruhusa. Alifungua kwenye kompyuta picha ya ukurasa wa daftari wenye mtaa ule, akampigia shangazi, akaiweka simu katikati ya meza ili wote wasikie.

"Zahanati?" shangazi aliuliza. Nyuma yake sufuria ilisikika ikifunikwa. "Nisomee tarehe iliyo juu ya ukurasa."

Alimsomea siku, mwezi na mwaka.

"Ahaa! Huo ni mguu mbovu huo. Mwezi ule nilitegua kifundo, nikatembea na fimbo wiki sita. Hatua zangu zilikuwa nusu mita tu, kama za bibi harusi. Sikuandika, maana wa kuyasoma nilikuwa mimi mwenyewe. Nimeandika hatua ngapi hapo?"

"Arobaini kamili, kutoka kona ya geti."

"Basi ni mita ishirini, siyo ishirini na tisa. Waambie warudi nyuma. Na wakiipata wasilazimishe kulia, ile hufungwa kushoto. Watu walishaivunja mara mbili."

Dakika kumi na mbili baadaye fundi mkuu alipiga tena. Walikuwa wameipata kwenye mita ishirini, wakaifunga kwa kushoto, na maji yakakatika. Mkuu wa kitengo alivuta kiti akakaa. Alitazama zile namba za penseli kwenye kioo cha kompyuta.

"Mimi nilidhani ni mambo ya ndugu," alisema taratibu. "Kumbe tumewafichia mafundi mtu wa kumuuliza. Rudisha jina. Nakala zote arobaini zikusanywe, zichapwe upya leo hii."

Jioni hiyo mchora ramani alikwenda kwa shangazi na ramani mpya mkononi. Alimkuta sebuleni, miguu juu ya kigoda. Hakuzunguka mbuyu.

"Shangazi, jina lako nililiandika, halafu nikalifuta. Niliogopa kukosa mkataba. Nisamehe."

"Nilijua una jambo," shangazi alisema. "Mafua gani hayo hata kupiga chafya huna? Yamekwisha, mwanangu. Lete nione."

Ramani ilitandazwa mezani. Shangazi aliufuata mtaa mmoja kwa kidole, kisha mwingine, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu. Alipofika kwenye kona ya chini alisoma jina lake polepole. Mchora ramani alisubiri machozi, au angalau kigelegele. Shangazi alikunja uso.

"Hapa hapajakamilika."

"Tumekosea jina?"

"Jina ni langu. Lakini kosa langu liko wapi?" Alinyoosha mkono. "Nipe penseli."

Aliinama, akaandika kwa herufi ndogo zilizonyooka, chini ya jina lake: kurasa za wiki hizi sita zilipimwa kwa mguu mgonjwa, zipimwe upya kabla ya kuchimba. Akaweka tarehe mbili, ya kuanza na ya kumaliza. Kisha akaandika namba yake ya simu.

Mchora ramani ndiye aliyetokwa na machozi.

"Sasa unalia nini?" shangazi aliuliza. "Kachape hivyo hivyo. Na uwaambie wanipigie asubuhi, mchana huwa nimelala."